Mwanangu anataka kuacha chuo aanze kazi: malipo ya nyumbani yatabadilikaje?

Swali la msomaji: Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Leicester, Uingereza, nawalea peke yangu. Wa kwanza ni wa kiume, atatimiza miaka 18 mwezi wa Mei mwaka huu wa 2026, na yuko chuo akisoma kozi ya ngazi ya 3 inayomalizika Juni. Wadogo zake ni wasichana wawili, mmoja ana miaka 13 na mwingine 9. Nafanya kazi ya usafi kwa saa chache, napata Child Benefit (malipo ya serikali ya kulea mtoto) kwa wote watatu, na Universal Credit (msaada wa serikali kwa wenye kipato kidogo) huingia kila tarehe 18. Tunakaa nyumba ya halmashauri yenye vyumba vitatu. Kijana amechoka na masomo. Anasema mwisho wa Januari anaacha, na Jumatatu ya tarehe 2 Februari anaanza kazi ya saa 30 kwa wiki kwenye ghala. Jirani ananiambia mtoto akianza kazi malipo yote ya nyumba hukatwa, hata ya wadogo zake. Je, ni kweli? Nitapoteza kiasi gani, na nimwambie nani?

Jibu:

Mama, asante kwa kueleza hali yako kwa ukamilifu, kwa maana katika jambo hili tarehe ya kuzaliwa, tarehe ya kuacha masomo na tarehe ya malipo kuingia ndizo zinazoamua karibu kila kitu. Nianze na maneno ya jirani yako, kwa sababu ndiyo yanayokunyima usingizi. Si kweli kwamba malipo ya wasichana yataguswa. Wala si kweli kwamba kazi ya kijana, kwa yenyewe, ndiyo inayokata malipo yake. Kinachokata ni kuacha masomo. Kijana wa miaka 17 anayeendelea na chuo chake na huku anafanya kazi jioni na mwishoni mwa wiki bado ni mtoto mbele ya ofisi zote mbili zinazokulipa, hata kama mshahara wake ni mnono. Kijana wa umri huohuo aliyeacha chuo na kukaa nyumbani bila kazi yoyote, huyo Universal Credit haimhesabu tena. Tafadhali lishike jambo hili, kwa sababu nitakayokushauri mwishoni yanatokana nalo.

Hesabu zote ninazotumia hapa ni za mwaka wa fedha unaomalizika mapema Aprili 2026. Baada ya hapo viwango hupanda kidogo, lakini utaratibu haubadiliki.

Tuanze na Child Benefit, ambayo husimamiwa na HMRC, ofisi ileile ya kodi. Unalipwa pauni 26.05 kwa wiki kwa mtoto mkubwa, na pauni 17.25 kwa kila mmoja anayemfuata. Wazazi wengi hudhani kwamba mkubwa akitoka huondoka na zile 26.05. Sivyo. Kiwango cha juu hakikuandikwa kwa jina la kijana wako, bali ni cha mtoto yeyote ambaye ndiye mkubwa kati ya wale wanaolipiwa. Akitoka yeye, binti yako wa miaka 13 anakuwa mkubwa na anapanda hadi 26.05, na mdogo wake anabaki na 17.25. Kwa hiyo unachopoteza ni pauni 17.25 kwa wiki, ambazo ukizigawanya kwa miezi ya mwaka ni kama pauni 74.75 kwa mwezi.

Malipo haya hutolewa kwa kila mtoto hadi tarehe 31 Agosti inayofuata siku aliyotimiza miaka 16. Baada ya hapo huendelea kwa sharti moja, kwamba kijana yuko katika elimu au mafunzo yanayokubalika, na yanaweza kufika hadi siku ya kutimiza miaka 20. Elimu inayokubalika ni ile ya chini ya chuo kikuu, yenye wastani wa zaidi ya saa 12 kwa wiki za kufundishwa au kusoma chini ya usimamizi, na isiyolipiwa na mwajiri. Kozi ya mwanao ya ngazi ya 3 imo ndani. Chuo kikuu hakimo, na jambo linalowashangaza wengi ni kwamba uanagenzi wa kulipwa, ule ambao kijana ana mkataba wa kazi na siku moja kwa wiki anasoma, nao haumo. Nalitaja hili kwa sababu vijana wanaochoka na darasa mara nyingi huelekezwa huko, na mzazi hubaki akiamini kwamba “bado anasoma” na hatoi taarifa, kisha baada ya miezi anadaiwa.

Kijana akiacha masomo, Child Benefit kwa kawaida haikatwi siku ileile. Kuna tarehe nne katika mwaka: mwisho wa Februari, 31 Mei, 31 Agosti na 30 Novemba. Malipo huendelea hadi ile ya kwanza inayofuata siku aliyoacha. Mwanao akiacha mwisho wa Januari, basi ungelipwa hadi mwisho wa Februari. Lakini huruma hii haimhusu aliyeacha masomo na kuanza kazi ya kulipwa ya saa 24 au zaidi kwa wiki. Kwa kuwa kazi yake ni ya saa 30 na inaanza tarehe 2 Februari, malipo yake yatakoma hapo hapo anapoianza.

Ikitokea kwamba ameacha chuo halafu kazi yenyewe ikaponyoka, kama inavyotokea mara nyingi, usikubali kukaa kimya ukidhani mambo yamekwisha. Kijana wa miaka 16 au 17 aliyeacha masomo, asiyefanya kazi ya saa 24 kwa wiki, na aliyejiandikisha kwenye huduma rasmi ya ushauri wa kazi kwa vijana au aliyejisajili kujiunga na jeshi, anaweza kukuletea nyongeza ya Child Benefit kwa wiki 20. Ni lazima uiombe mwenyewe ndani ya miezi mitatu tangu alipoacha. Kwa mwanao nyongeza hiyo isingefika wiki 20 kamili, kwa sababu hukoma anapotimiza miaka 18, yaani Mei; hata hivyo ni haki yako.

Sasa Universal Credit, na hapa ndipo fedha nyingi zilipo. Malipo haya husimamiwa na ofisi nyingine kabisa, DWP, yaani idara ya kazi na pensheni, kwa sheria nyingine kabisa, na sheria hiyo haina zile tarehe nne wala zile wiki 20. Katika hesabu yako ya kila mwezi kuna sehemu ya mtoto: pauni 339.00 kwa mtoto wa kwanza aliyezaliwa kabla ya tarehe 6 Aprili 2017, na pauni 292.81 kwa kila mmoja wa wengine. Hapa pia kiwango kikubwa hushuka kwa anayefuata. Binti yako wa miaka 13 alizaliwa kabla ya tarehe hiyo, hivyo atachukua zile 339, na unachopoteza ni pauni 292.81 kwa mwezi. Ukijumlisha na Child Benefit, pengo ni kama pauni 367.50 kila mwezi. Si fedha ndogo kwa nyumba yenye mlipaji mmoja.

Kwa Universal Credit, kijana aliyepita tarehe 31 Agosti ya baada ya miaka 16 huhesabiwa kuwa mtoto wako kwa muda tu anapokuwa ameandikishwa au amekubaliwa kwenye kozi inayofaa, na kwa vyovyote si zaidi ya tarehe 31 Agosti inayofuata siku aliyotimiza miaka 19. Akishaacha, sehemu yake inaondoka, na namna inavyoondoka ndiyo inayowaumiza wazazi wasiojua. DWP hawagawi mwezi kwa siku. Wanatazama kipindi cha tathmini, ambacho ni mwezi mmoja unaoanza tarehe ileile kila mara, na badiliko lolote lililotokea ndani ya kipindi hicho huhesabiwa kana kwamba lilitokea siku yake ya kwanza. Malipo hutoka siku saba baada ya kipindi kufungwa. Kwa kuwa fedha zako huingia tarehe 18, kipindi chako kinaanza tarehe 12 na kumalizika tarehe 11 ya mwezi unaofuata. Thibitisha hili kwenye akaunti yako ya mtandaoni, kwa maana siku ya malipo ikiangukia mwisho wa wiki au sikukuu fedha huingia mapema, siku ya kazi inayotangulia.

Tazama basi maana yake. Mwanao akiacha Ijumaa tarehe 30 Januari, siku hiyo imo katika kipindi cha 12 Januari hadi 11 Februari, na sehemu yake itaondolewa yote, hata zile siku 18 za mwanzo alizokuwa darasani. Malipo yako ya tarehe 18 Februari tayari yatakuwa pungufu kwa pauni 292.81. Akiacha Ijumaa tarehe 13 Februari, wiki mbili tu baadaye, kipindi kile kitakuwa kimefungwa akiwa bado mwanafunzi. Malipo ya tarehe 18 Februari yatakuwa kamili, na upungufu utaanza kuonekana tarehe 18 Machi. Kupanga tarehe ya kweli ya kuondoka kwa kuzingatia jambo hili ni halali kabisa. Kuandika tarehe isiyo ya kweli si halali, na hilo nitalirudia hapa chini.

Huenda pia unajiuliza kama mshahara wake utahesabiwa kuwa wako. Hautahesabiwa. Universal Credit hupimwa kwa mapato na akiba ya mwombaji na mwenzi wake wa ndoa au anayeishi naye kama mwenzi. Mtoto, awe mwanafunzi au mfanyakazi, hayumo katika hesabu hiyo. Hata akikupa kila wiki kitu cha chakula na umeme, kama ninavyoamini atafanya, fedha hiyo haihesabiwi kuwa kipato chako. Kiwango unachoruhusiwa kupata kazini kabla ya malipo kuanza kupunguzwa nacho kitabaki, kwa sababu bado unalea watoto. Na masharti ya kutafuta kazi unayowekewa hufuata umri wa mtoto mdogo, yule wa miaka 9, si wa mkubwa.

Kuhusu nyumba, vyumba vyenu vitatu vimehesabiwa hivi: kimoja chako, kimoja cha kijana kwa kuwa amepita miaka 16, na kimoja cha wasichana wawili ambao, wakiwa wa jinsia moja na chini ya miaka 16, hutarajiwa kulala pamoja. Kijana akiacha kuhesabiwa kuwa mtoto wako, atahesabiwa kuwa mtu mzima anayeishi nawe, na mtu huyo naye anastahili chumba. Basi maadamu anaishi hapo, hakuna chumba cha ziada. Makato ya mchango wa kodi ya nyumba ambayo hutozwa kwa ajili ya mtu mzima wa namna hii hayaanzi hadi atimize miaka 21, ambayo kwake ni Mei 2029; kwa kiwango cha mwaka wa fedha 2025/26 ni pauni 93.02 kwa mwezi. Hali inageuka akihama. Hapo chumba chake kitaonekana kuwa cha ziada, na kwa nyumba ya halmashauri kodi ya nyumba inayofidiwa hupunguzwa kwa asilimia 14. Nakutajia hili mapema kwa sababu kijana mwenye mshahara wa kwanza mara nyingi huwaza kupanga chumba na rafiki zake.

Kuna tawi moja ambalo hukuliuliza nalo lina uzito: kodi ya halmashauri, council tax. Kwa kuwa wewe ndiye mtu mzima peke yako nyumbani, nadhani unapunguziwa asilimia 25. Kama hupunguziwi, iombe leo. Punguzo hilo linategemea kwamba hakuna mtu mzima wa pili anayehesabiwa. Mwanao hahesabiwi hadi afike miaka 18, kwa hiyo mwezi wa Februari hakuna kitakachobadilika. Kitakachobadilika ni cha Mei. Akiwa ameacha masomo Januari na kutimiza miaka 18 akiwa mfanyakazi, atahesabiwa, na punguzo litaondoka siku hiyo, na ni juu yako kuiarifu halmashauri. Lakini akibaki chuoni, hatahesabiwa kwa kuwa yu mwanafunzi, na akimaliza Juni bado hatahesabiwa hadi mwisho wa Oktoba, kwa sababu sheria inamwachia muda kijana wa chini ya miaka 20 aliyemaliza masomo baada ya tarehe 30 Aprili. Na kama unapata pia msaada wa kulipa kodi hiyo kwa sababu ya kipato kidogo, kila halmashauri ina utaratibu wake kuhusu watu wazima wanaoishi nyumbani. Waulize wa kwenu moja kwa moja, na uombe jibu la maandishi.

Vilevile, kama baba wa kijana analipa matunzo kupitia shirika la serikali la matunzo ya watoto, elewa kwamba haki hiyo hufuata masharti yaleyale ya umri na elimu yanayofuatwa na Child Benefit. Malipo kwa ajili yake yatakoma, na ya wasichana yatahesabiwa upya.

Sasa nizungumze kama mtu aliyeketi na familia nyingi katika jambo hili, nikiacha sheria kidogo kando. Kijana wako wa miaka 17 anaweza kulipwa kisheria kima cha chini cha pauni 7.55 kwa saa. Kwa saa 30 hiyo ni pauni 226.50 kwa wiki, kama 981 kwa mwezi, na kwa kiwango hicho halipi kodi ya mapato. Ukitazama namba hiyo karibu na 367.50 unazopoteza, utaona ni rahisi kusema kwamba nyumba imepata faida. Lakini 981 ni zake, na 367.50 zilikuwa za chakula cha nyumba nzima. Familia zinazoingia kwenye ugomvi si zile ambazo hesabu haikutosha. Ni zile ambazo mama alipungukiwa, mtoto akaongezewa, na hakuna aliyekuwa amekaa chini kusema nani sasa atalipa nini. Mwite mwanao, mwoneshe namba hizi mbili, na mkubaliane kabla hajasaini chochote kazini.

Na mwoneshe pia hesabu ya pili. Akiacha tarehe 13 Februari badala ya kumaliza mwisho wa Juni, utapoteza sehemu yake ya Universal Credit katika malipo manne, ya Machi hadi Juni, yaani pauni 1,171. Kwa upande wa Child Benefit, akimaliza masomo Juni bila kuanza mara moja kazi ya saa 24, ungelipwa hadi 31 Agosti, ambazo ni wiki 28 zaidi, pauni 483. Jumla ni takriban pauni 1,650 za nyumba, nazo zinaondoka pamoja na cheti ambacho kimebakiza miezi minne na nusu kukamilika. Kuanzia Aprili 2026 kima cha chini cha wenye miaka 18 hadi 20 kinapanda kuwa pauni 10.85 kwa saa, hivyo saa zilezile 30 atakazouza Julai zitamlipa pauni 325.50 kwa wiki badala ya 226.50 za leo. Sioni ni kwa nini auze kwa bei ya chini kitu ambacho baada ya Mei kitakuwa na bei kubwa zaidi, na aache cheti mezani.

Lakini amechoka, na uchovu wa kijana haupaswi kudharauliwa. Kwa hiyo shauri langu ni njia ya kati, nayo ndiyo sababu ya kusisitiza mwanzoni kwamba kazi haikati malipo. Mwombe mwajiri ampe saa za jioni na mwisho wa wiki, 12 au 16 kwa mfano, huku akiendelea na kozi. Ile kanuni ya saa 24 inamhusu aliyeacha masomo tu. Maadamu saa zake za chuo zinabaki zaidi ya 12 kwa wiki kwa wastani na anahudhuria kweli, Child Benefit inaendelea, Universal Credit inaendelea, punguzo la council tax linaendelea, na mfukoni mwake kuna mshahara. Kitu cha kuepuka ni chuo kumpunguzia ratiba kwa nia njema hadi ikashuka chini ya saa 12. Walimu hawalazimiki kujua matokeo yake kwa malipo yako, basi waulize idadi kamili kabla ya kukubali.

Zipo pia sababu za kisheria za kutaka akawie. Uingereza yenyewe, tofauti na Scotland na Wales, inamtaka kila kijana abaki katika elimu au mafunzo ya aina fulani hadi miaka 18, hata akiwa kazini. Hakuna adhabu inayotolewa kwake wala kwako, ila ni wajibu ulioandikwa, na mwajiri makini atauliza. Mfanyakazi wa chini ya miaka 18 pia haruhusiwi kuzidisha saa 8 kwa siku wala 40 kwa wiki, na kwa kawaida haruhusiwi kazi za usiku, ambazo ndizo maghala huzihitaji sana. Ndiyo maana mengi huajiri kuanzia miaka 18. Kabla hajaaga chuo, hakikisheni kazi hiyo ipo kwa maandishi na mwajiri anajua umri wake halisi.

Ikiwa licha ya yote ataacha, toa taarifa mara mbili. HMRC waambie kwa mtandao au kwa simu kwamba ameacha elimu na tarehe aliyoacha, pamoja na tarehe ya kuanza kazi. DWP waambie kupitia akaunti yako ya Universal Credit, sehemu ya mabadiliko ya hali, siku hiyohiyo ikiwezekana. Usidhani kwamba ofisi moja imeiambia nyingine. Kuzungumza na moja hakukuondolei wajibu kwa nyingine. Tarehe inayotakiwa ni ile aliyoacha kuhudhuria kwa nia ya kutorudi, si ile ambayo chuo kimelifuta jina lake kwenye daftari wiki sita baadaye. Nimeona wazazi waliotegemea daftari hilo, na deni likawafuata. Malipo ya Universal Credit yaliyozidi hurudishwa hata kama kosa lilikuwa la ofisi, hivyo kunyamaza hakumnufaishi mtu. Iombe barua fupi kutoka chuoni yenye tarehe ya mwisho ya kuhudhuria na uihifadhi, pamoja na picha ya ujumbe uliouandika kwenye akaunti yako. Kama lugha ya Kiingereza cha kiofisi inakusumbua kwenye simu, una haki ya kuomba mkalimani wa Kiswahili, na ofisi ya DWP ndiyo inayomlipa. Na endapo wataondoa sehemu isiyostahili kuondolewa, kwa mfano ya mmoja wa wasichana, omba uamuzi upitiwe upya ndani ya mwezi mmoja. Wakikataa, unaweza kukata rufaa kwenye baraza huru, na Citizens Advice, shirika la ushauri kwa wananchi, husaidia katika hatua zote mbili bila malipo.

Kwa wasomaji wengine wenye mtoto mmoja tu, msichukue jibu hili lote kama lilivyo. Mtoto wa pekee akitoka katika hesabu, mzazi hupoteza pia kile kiwango cha mshahara kisichoguswa, kama haki hiyo aliipata kwa sababu ya mtoto na si kwa sababu ya afya, na masharti ya kutafuta kazi yanakuwa ya mtu asiye na watoto. Kikomo cha malipo, yaani jumla ya juu kabisa ya misaada ambayo nyumba inaweza kulipwa, nacho hushuka kwa mzazi anayeishi peke yake nje ya London, kutoka pauni 22,020 hadi 14,753 kwa mwaka, ikiwa kipato chake cha kazi ni kidogo. Kwao anguko ni kubwa kuliko la mama huyu, na ni vyema wapate hesabu ya mtu binafsi kabla kijana hajaondoka darasani.

Nimalizie na uwezekano mmoja zaidi, mama, kwa sababu vijana hubadili mawazo. Akiacha sasa na Septemba akataka kurudi, mlango haujafungwa, mradi aandikishwe au akubaliwe kwenye kozi kabla ya kutimiza miaka 19, yaani kabla ya Mei 2027. Ombi la kumrudisha kwenye Child Benefit na taarifa kwa Universal Credit ni juu yako, havirudi vyenyewe. Ila angalia urefu wa kozi atakayochagua. Akianza Septemba 2026 kozi ya miaka miwili, Universal Credit itamhesabu hadi tarehe 31 Agosti 2027 tu, kwa kuwa hapo atakuwa amepita 31 Agosti ya baada ya miaka 19, ilhali Child Benefit inaweza kuendelea hadi Mei 2028. Mwaka mzima wa pili wa masomo yake utakuwa bila zile pauni 292.81 kwa mwezi. Akichagua kozi ya mwaka mmoja, au akimaliza hii aliyo nayo sasa, pengo hilo halitakuwepo.